Kabla hujainunulia Massey pampu mpya

Vuli ikikaribia, simu za trekta huanza kuingia mfululizo gerejini kwangu hapa Pongwe, Tanga. Trekta lililokaa chini ya mwembe tangu masika linawashwa, injini inanguruma vizuri, lakini jembe la diski halinyanyuki. Nikifika shambani nakuta mwenye trekta ameshaambiwa kuwa pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyulia jembe, imekufa. Naandika haya kwa wenye Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, kwa sababu inaniuma kuona mkulima anauza mbuzi anunue pampu wakati ile aliyonayo haina kosa.

Anza na leva ya PTO, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini nyuma kwenye zana. Pampu ya 135 huzungushwa na shafti ya PTO, kwa hiyo leva ikiwa haijaingia, hakuna kitakachopanda. Kwenye zile zenye klachi ya hatua mbili, ukikanyaga mpaka mwisho mikono ya kunyanyulia jembe nayo inasimama pale pale. Nimeshakwenda mpaka Handeni, nikasogeza leva hiyo tu, jembe likapanda.

Ikiwa si leva, hamia kwenye oili. Pampu hii haiko nje; imezama ndani ya oili ile ile inayolainisha gia na difu. Maji yakiingia kwenye gia boksi, ndiyo yameshaingia kwenye haidroliki. Halafu vavu inayoitawala iko upande wa kunyonya, na imekaa kwenye tundu lake kwa kubana sana. Kutu kidogo tu inaigandisha, mikono ikagoma kupanda au ikagoma kushuka. Huku pwani, chuma kilicholowa hakingoji mwaka kushika kutu.

Mzee mmoja wa Muheza, mwenye machungwa na anayelimia watu mahindi, alinipigia baada ya kuambiwa anunue pampu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Trekta linapata kwikwi. Jembe likiwa juu linashuka kidogo, linapanda, linashuka tena."

Nikamwomba asiliwashe mpaka nifike asubuhi. Maji ni mazito kuliko oili, na yakilala usiku kucha hutuama chini kabisa. Nikalegeza taratibu nati ya kumwagia oili, kikombe mkononi. Yalitoka maji, maji hasa, yenye rangi ya kutu, yakajaza kikombe na kumwagika, ndipo ikafuata oili iliyofanana na uji wa maziwa. Mzee alichuchumaa akachovya kidole, hakusema kitu.

Njia ya maji ilikuwa pale pale usoni petu: kifuko cha mpira kwenye shina la leva ya gia kilikuwa kimepasuka. Masika nzima mvua iliteremka na fimbo ya gia mpaka ndani.

Tukamwaga yote, tukasafisha chujio la kunyonyea, tukaweka oili mpya. Ni takriban lita 30, na najua kwa nini watu huikwepa kazi hii. Pampu ilikuwa inalia kama mluzi, mluzi ukaisha. Kwikwi ikabaki.

Kwikwi maana yake mzigo unavujia chini, vavu inahisi, pampu inaurudisha juu, unavuja tena. Kinachotakiwa ni kuona unavujia wapi. Nilishusha oili chini ya usawa wa kifuniko cha ubavuni, nikakifungua. Tukanyanyua jembe, tukazima injini, nikamulika kwa tochi. Hapo mtu asikae nyuma wala chini ya jembe, na mkono usiingie ndani injini ikiwa inazunguka. Oili ikichuruzika kutoka mdomo wa silinda, ringi au sili ya pisitoni imekwisha. Ikitoka kwenye mwili wa pampu, hapo ndipo pampu ina kesi ya kujibu. Ya mzee ilikuwa inatoka kwenye mguu wa bomba la wima linalopeleka oili juu, uzi mwembamba unaong'aa kwenye mwanga wa tochi. Tulipolichomoa, oringi yake, ile pete ya mpira ya kuzibia, ilikuwa ngumu kama plastiki, ikakatika kwa kucha. Bei yake haifiki kilo ya sukari.

Na kwenye mipira ya nje inayopitisha oili, usitafute uvujaji kwa kiganja. Presha humu inapita psi 2,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), na oili ikitokea kwenye tundu la sindano inapenya ngozi. Pitisha kipande cha boksi. Ikikuingia mwilini, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama huoni damu wala husikii maumivu.

Jembe lilikaa juu wakati tunakunywa chai, halikushuka. Kabla sijaondoka nikamfungia mzee kifuko kipya cha gia, nikakikaza kwa waya maana klipu ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu.