"Usimbebe mtoto, usikojoe, usile nanasi": makatazo ya kiinitete kilichogandishwa

Nina binti wa miaka mitatu aliyepatikana kwa kupandikizwa, yaani yai na mbegu ziliunganishwa maabara kisha nikawekewa tumboni, na huko Nairobi kuna tangi la naitrojeni ya kimiminika lenye viinitete vyangu vingine viwili, yaani mimba changa za siku chache zilizogandishwa, vya mkupuo ule ule uliomleta yeye. Tangu niseme nyumbani kwamba nataka kurudi kuvifuata, kila anayeingia uani kwetu Mombasa ana katazo lake. Mama mkwe analo, shangazi analo, hata muuza mboga analo. Niliyaandika kwenye daftari nikaenda nayo kwa daktari, na mengine nikayasoma mwenyewe. Nikaona kwamba tunalinda kwa nguvu zote vitu visivyo na hatari, na vile vyenye hatari hakuna aliyenitajia hata kimoja.

"Ukimbeba mtoto, kitaanguka"

Hili ndilo lililonikosesha usingizi, maana binti yangu ana kilo 14 na halali bila kubebwa.

Ndani ya mfuko wa uzazi hakuna uwazi kama wa mkoba. Ukuta wa mbele na wa nyuma umegusana, mithili ya chapati mbili zilizopangwa zikiwa moto. Kiinitete cha siku tano ni kidogo kuliko punje ya chumvi, nacho huwekwa hapo katikati kwa mrija mwembamba. Ukikohoa, ukiinama kuokota midoli, ukipanda ngazi na mtoto kiunoni, hakitoki. Mimba za kawaida zote hujishikiza hivyo hivyo, mwanamke yuko sokoni au shambani na wala hana habari.

Woga wenyewe una asili yake, na ni vizuri kuijua ili usimcheke anayekukataza. Wakati wa kuvuna mayai, sindano huzifanya ovari, mahali mayai yanapokomaa, zivimbe, na ovari iliyovimba inaweza kujisokota. Ndiyo maana mwanamke aliyetoka kuvunwa mayai, akawekewa kiinitete kibichi, ambacho hakikugandishwa, siku chache baadaye, huambiwa asikimbie wala asinyanyue vizito. Ushauri ule ukahama, ukamfuata hata yule ambaye kiinitete chake kimetoka kwenye baridi na ovari zake ziko kama kawaida. Muulize daktari wako kama una sababu yako mwenyewe ya kujizuia. Kama huna, mbebe mwanao.

Kulala kitandani wiki mbili ni ndugu ya katazo hilo. Mwenye mtoto mdogo hawezi hata akitaka, na kumbe hakosi kitu: Chama cha Tiba ya Uzazi cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kinashauri mgonjwa asilazwe kitandani baada ya kuhamishiwa kiinitete, kwa sababu ushahidi unaonyesha hakusaidii. Mimi napanga kurudi na treni ya SGR.

Halafu kuna lile la haja ndogo. Siku yenyewe utaambiwa unywe maji kibofu kijae kiasi, kwa kuwa husaidia altrasaundi ya tumboni kuuona mfuko wa uzazi vizuri. Shughuli huisha kwa dakika chache, nawe umebanwa kwelikweli, na wapo wanaojizuia saa nzima wakiogopa "kukitoa". Njia ya mkojo na njia ya uzazi ni njia mbili mbalimbali. Nenda.

"Kimekaa kwenye barafu mno, kitakuwa kimechacha"

Kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri hakuna kinachoendelea ndani ya seli, wala cha kuchacha. Mtoto wa kwanza duniani aliyetokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1984, na leo ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 40. Mwaka 2022 huko Marekani walizaliwa pacha ambao viinitete vyao vilikuwa vimegandishwa mwaka 1992. Kinachoua kiinitete ni chembe za barafu zinazojiunda wakati wa kuganda na kuyeyuka. Zamani kiligandishwa polepole na vingi vilipotea. Siku hizi hugandishwa ghafla mno kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kufanya chembe, na katika maabara nzuri, viinitete zaidi ya tisa kati ya kumi hutoka salama.

Na umri unaohesabika ni wa siku yai lilipovunwa. Kama ulivunwa ukiwa na miaka 33, kiinitete kitabaki cha miaka 33 hata ukikifuata ukiwa na 39. Mwili utakaobeba mimba, huo haukusimama: sukari na presha hufuata umri wako wa leo.

Shangazi aliniuliza kama mtoto huyo atakuwa pacha wa binti yangu aliyechelewa. Hapana. Ni mayai mawili tofauti na mbegu mbili tofauti. Ni ndugu wa tumbo moja kama mimi na kaka yangu. Swali lake zuri lakini, nimelipenda.

"Mtoto wa barafu huwa dhaifu"

Hapa ukweli umegeuka kichwa chini. Kwa wastani, watoto waliotokana na viinitete vilivyogandishwa huzaliwa wazito kidogo kuliko wa viinitete vibichi, na wachache zaidi kati yao huzaliwa na uzito pungufu. Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni mama, kwa sababu shinikizo la damu la ujauzito na kifafa cha mimba huonekana mara nyingi zaidi katika mimba hizi, hasa pale mfuko ulipoandaliwa kwa dawa tupu.

Kuna njia mbili kubwa za kuuandaa mfuko. Ya kwanza ni mzunguko wa asili: unasubiri yai lako mwenyewe lipevuke na kutoka, kisha kiinitete cha siku tano kinawekwa siku ya tano hivi baada ya hapo. Ya pili ni mzunguko wa dawa: unameza estrojeni, homoni ya kuunenepesha utando wa mfuko, kama wiki mbili, altrasaundi inaangalia kama utando wa mfuko umefika unene wa milimita saba au zaidi, ndipo unaanza projesteroni, homoni ya kuishikilia mimba, na kuhesabu siku. Njia ya pili ni rahisi kuipangia tarehe, na kwa mama anayetoka mbali, mwenye mtoto wa kuachia watu, tarehe ni kitu kikubwa. Lakini katika njia hiyo hakuna yai lililotoka, kwa hiyo hakuna kile kifuko kinachobaki kwenye ovari kikatengeneza homoni za kutunza mimba, na inadhaniwa kwamba kukosekana kwake ndiko kunakochangia presha. Dada wengi hupewa mzunguko wa dawa bila kuambiwa kwamba upo mwingine. Kama hedhi yako ina mpangilio, uliza. Kama ulipata presha mimba ya kwanza, usiache kuuliza, na uulize pia kuhusu aspirini ya dozi ndogo.

"Wewe ulishazaa, njia imefunguka"

Aliyewahi kuzaa kweli ana matumaini mazuri kuliko ambaye hajawahi, lakini kiinitete hakijui kwamba kuna dada yake nje. Kwa viinitete ambavyo havikupimwa kromosomu, yaani vibeba urithi vya ndani ya seli, uwezekano wa kuhamisha kimoja hadi mtoto mkononi mara nyingi haufiki nusu, hata mambo yote yakiwa sawa. Niliyasikia hayo nikiwa nimekwisha kununua nguo ndogo.

Tena kuzaa kwenyewe huacha alama. Mimi nilijifungua kwa upasuaji. Kovu la mfuko wa uzazi linaweza kupona na kishimo, na kishimo kikahifadhi majimaji au damu ya hedhi inayoingia pale kiinitete kinapotakiwa kukaa. Altrasaundi ya makini kabla ya kuanza dawa hukiona. Mara chache mimba hujishikiza kwenye kovu lenyewe, na hiyo ni hatari, kwa hiyo mwenye kovu asikose altrasaundi ya mapema kuona mimba imekaa wapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 24 ipite baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Jirani yangu anasema kwa kupandikizwa haihusu, kwani mimba imetoka maabara. Imetoka maabara, lakini italelewa na tumbo lile lile.

Upande wa pili wa dhana hii ni wa wale wanaoamini kwamba aliyezaa kwa kupandikizwa hawezi kushika mimba mwenyewe, basi hajali uzazi wa mpango. Utafiti wa Chuo Kikuu cha University College London uliochapishwa mwaka 2023 ulikusanya tafiti zilizotangulia na kuona kwamba angalau mwanamke mmoja kati ya watano waliopata mtoto kwa matibabu ya uzazi hushika mimba ya kawaida baadaye. Kama mirija ya uzazi imeziba yote miwili, hilo ni jambo jingine.

"Mwachishe ziwa leo leo"

Sina jibu la mkato, na aliyenipa la mkato simwamini. Kunyonyesha huongeza prolaktini, homoni ya maziwa, nayo huzuia yai kutoka. Kwa anayevuna mayai au anayetaka mzunguko wa asili hiyo ni shida ya kweli. Kwenye mzunguko wa dawa yai halihitajiki, kwa hiyo sababu hiyo inapungua nguvu. Vituo vingi bado huomba uachishe, kwa tahadhari, na estrojeni inaweza kupunguza maziwa yenyewe. Anayenyonyesha mtoto wa miezi minane na anayenyonyesha wa miaka miwili mara moja usiku si sawa, na daktari anapaswa kukuuliza wewe ni yupi kati yao.

"Weka vyote viwili, upate pacha umalize kazi"

Baba watoto alilitamka hili kwa furaha. Pacha huzaliwa kabla ya wakati mara nyingi zaidi, na mama hupata presha na kutokwa damu zaidi. Mtoto njiti anaweza kukaa hospitalini wiki kadhaa, na wakati huo yule wa miaka mitatu yuko nyumbani anauliza mama yuko wapi. Kimoja kimoja. Kingine kibaki kwenye baridi, hakichachi, tumeshaambiana.

Ambayo hakuna aliyenikataza

Kuna estrojeni ya kupaka au kupulizia kwenye ngozi. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa ya aina hiyo ya kupulizia mkononi, baada ya watoto waliogusa ngozi ya mama zao kuanza kuota matiti. Ukipewa ya namna hiyo, paka mahali ambapo nguo itafunika, nawa mikono, na mtoto asipaguse. Vidonge navyo viwekwe juu ya kabati. Vya rangi hufanana na peremende.

Kuna kijiko. Mtoto mdogo, hasa anayekwenda chekechea, hubeba kirusi cha saitomegalo kwenye mate na mkojo bila dalili yoyote, na kwa mimba changa kirusi hicho kinaweza kumdhuru mtoto masikio na ubongo. Usimalizie uji wake kwa kijiko chake, mbusu kwenye paji la uso badala ya midomo, nawa kwa sabuni kila ukimbadilisha nepi. Mimi nililelewa kumalizia mabaki ya mtoto ili chakula kisitupwe, kwa hiyo ninajifunza upya.

Na kuna rubela. Watoto wetu huchanjwa surua na rubela wakiwa na miezi tisa na miezi 18, lakini mama ana kinga? Kipimo cha damu hujibu. Kama hana, chanjo hiyo ni hai, hivyo lazima ipite angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Chanjo ya mtoto mwenyewe haiathiri mimba ya mama, mpeleke kliniki siku yake ikifika. Foliki asidi ya mikrogramu 400 nayo huanzwa angalau mwezi mmoja kabla.

Nanasi nimelisahau. Kwetu mjamzito hukatazwa nanasi kwamba litaitoa mimba. Ulaya na Marekani wanawake waliohamishiwa kiinitete hula kiini chake kwamba kitasaidia kishike. Tunda moja, imani mbili zinazopingana, na hakuna ushahidi wa yoyote. Kuleni kama mnalipenda.

"Ukiona damu, imekwisha, acha dawa"

Hili lina madhara kuliko yote yaliyotangulia. Matone ya damu siku chache baada ya kuwekewa yanaweza kutokana na vidonge vya projesteroni vya ukeni vyenyewe, au na mrija wa kuwekea kiinitete, au yasiwe na maana yoyote. Wengi walioyaona wana watoto. Aliyeko kwenye mzunguko wa dawa hana homoni nyingine ya kuishikilia mimba zaidi ya ile anayojiwekea, kwa hiyo akiacha kwa sababu ya tone, ameiangusha mwenyewe. Anapopata mimba huendelea nayo hadi wiki ya 10 au 12 hivi, kadiri daktari atakavyosema. Ukisahau dozi, usikae kimya kwa aibu wala usirundike mbili: piga simu kituoni. Mimi nimeweka kengele ya simu saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kwa kuwa saa mbili usiku ndiyo saa ya vita vya kulala na bila kengele sitakumbuka hata jina langu.

Kutopata hedhi nako si ushahidi wa mimba, kwani projesteroni huizuia, tena huleta matiti kuuma, tumbo kujaa na usingizi, dalili zote za mimba bila mimba. Kipimo cha mkojo siku ya tano baada ya kuwekewa kitakudanganya kwa kusema hapana. Kama ulichomwa sindano ya kulifanya yai litoke kwenye ovari, kinaweza kukudanganya kwa kusema ndiyo. Subiri kipimo cha damu, siku ya tisa hadi ya 14 kulingana na kituo, na dawa ziendelee mpaka majibu yatoke.