Bingwa wa Formula 2 hapandi daraja

Kwenye kahawa pale Ngamiani, Tanga, jamaa hushikilia kwamba bingwa wa Formula 2, mbio za magari za daraja la chini ya Formula 1, lazima mwakani awe Formula 1, kama Coastal Union ikipanda daraja. Sivyo.

Ubingwa humpa dereva pointi 40, zinazotosha kuomba leseni ya Formula 1. Kiti, yaani nafasi ya kuendesha gari la timu, ni jambo lingine: hutolewa na timu yenyewe, na mwaka 2022 viti vyote vilikuwa 20 tu.

Mwaka huo Felipe Drugovich wa Brazil alishinda mbio tano, kwenye magari ambayo ni sare kwa wote, chasisi ya Dallara na injini ya Mecachrome. Alitawazwa Monza, Italia, kwa pointi alizokwisha kukusanya, siku ambayo gari lake liligongwa mzunguko wa kwanza tu; wenzake walimaliza mbio, yeye yuko pembeni, bingwa. Msimu wa 2023 akawa dereva wa akiba wa timu ya Formula 1 ya Aston Martin.

Linaloniuma zaidi ni hili: bingwa haruhusiwi kurudi Formula 2. Oscar Piastri, bingwa wa 2021, alikaa benchi mwaka mzima ndipo timu ya McLaren ikampa gari la Formula 1.