Bomu la kutu halijakufa
Hapa Nakuru ukipita kwa wale wananunua vyuma chakavu hukosi kuskia ati bomu likishashika kutu limekufa, we beba tu. Zii. Kutu inakula ganda la nje, baruti ndani bado iko, na fyuzi, ile kitu inawasha bomu lilipuke, ikizeeka ndo haitabiriki kabisa, unaigonga kidogo tu imekulipukia. Alafu kuna ile watu hawaongelei, ganda likitoboka baruti inavuja kwa udongo, na ile aina ya baruti inaitwa RDX haishikani sana na udongo so mvua inaishukisha polepole mpaka maji ya chini, kule Cape Cod, Marekani, serikali ilisimamisha mazoezi ya mizinga 1997 kwa sababu ya hayo maji kuchafuka. Kuchemsha maji nako hakusaidii, RDX haitoki na mvuke. Ukiona chuma kama hiyo malishoni usiguse, rudi ulikotoka alafu uite polisi.