Ubao wa kaboni unaonyumbuka: maana yake, na unamfaa nani

Katika tenisi ya meza, ubao ni mti wa raketi pamoja na mpini wake, kabla haujabandikwa raba. Ubao wa kaboni unaonyumbuka kwa kawaida ni ule wenye matabaka mawili membamba ya nyuzi za kaboni yaliyowekwa ndani, yakigusana na kiini, badala ya kuwa chini tu ya ganda la nje. Muundo wake wa kawaida ni matabaka matano ya mbao na mawili ya nyuzi, ndiyo maana huandikwa 5+2. Ukipiga kwa wepesi, mkono unasikia mti. Ukipiga kwa nguvu, kaboni inaingia kazini na mpira unaondoka kwa kasi ambayo mbao tupu za unene huohuo hazikupi.

Kaboni yenyewe ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kanuni za ITTF, shirikisho la kimataifa la tenisi ya meza, zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili, na tabaka moja la nyuzi lisizidi asilimia 7.5 ya unene wote au milimita 0.35, kile kilicho kidogo. Kwa nafasi finyu hivyo, tofauti kubwa inaletwa na mahali kaboni ilipokaa. Kadiri tabaka linavyokuwa mbali na katikati ya ubao ndivyo linavyopinga kupinda, na upinzani huo unakua kwa mraba wa umbali. Tuseme kaboni ya nje iko milimita 2.3 kutoka katikati na ya ndani iko milimita 1.7: kaboni ileile, ikikaa nje, inachangia ugumu karibu mara 1.8.

Mfano mzuri unatoka kiwanda kimoja. Ubao wa Viscaria wa Butterfly, kampuni ya Japani, una mti wa koto nje, kisha ALC (arileti, yaani nyuzi za kutengenezwa, iliyofumwa na kaboni), kisha mti wa limba, kisha kiini cha mti wa kiri. Ubao mwingine wa Butterfly, Innerforce Layer ALC, umeisogeza ALC hadi kwenye kiini na kuweka limba nje. Hurricane Long 5 ya DHS, kampuni ya China, inayohusishwa na mchezaji wa China Ma Long, nayo ina nyuzi zake ndani.

Dukani usitegemee maandishi ya boksi. Geuza ubao, tazama ukingo wake kwenye mwanga. Utaona mistari miwili ya rangi nyeusi. Ukikuta mstari mara tu baada ya tabaka la kwanza la mti, hiyo ni kaboni ya nje. Ukihesabu matabaka mawili ya mti ndipo ukafika kwenye mstari, na mistari yote miwili imebana kiini kinene katikati, hiyo ni ya ndani. Ukingo ukiwa umepakwa rangi au umefunikwa kwa tepu, omba uonyeshwe vizuri kabla ya kulipa. Bidhaa bandia za majina makubwa ni nyingi.

Unene nao usidharauliwe. Kwa mti uleule, ugumu unakua kwa mchemraba wa unene: ubao wa milimita 6.2 ni mgumu kwa takriban asilimia 43 kuliko wa milimita 5.5. Ndiyo sababu kaboni ya ndani peke yake haitoshi kuufanya ubao unyumbuke. Anayetaka spini, yaani mzunguko wa mpira, atafute kati ya milimita 5.6 na 6.0. Kipimo kingine ni sauti: dondosha mpira kwenye ubao usio na raba. Mlio mzito, wa chini, ni wa ubao unaonyumbuka. Mlio mkali, wa juu, ni wa ubao mgumu.

Ganda la nje hubadilisha hisia. Koto ni gumu, mpira unaondoka mapema. Limba ni laini zaidi. Na huo ni mti wa Afrika Magharibi na ya Kati, unaota hadi misitu ya Mayombe huko Kongo, ingawa ukifika dukani umeshapigwa muhuri wa Japani au China.

Ubao hauzungushi mpira. Hiyo ni kazi ya raba na mkono, na mguso wenyewe unachukua takriban elfu moja ya sekunde. Unachofanya ubao unaonyumbuka ni kuurefusha mguso huo kidogo na kuupa mpira tao la juu zaidi. Faida inaonekana unapoinua mpira uliokatwa, yaani unaozunguka kinyumenyume: mpira unapita juu ya neti kwa nafasi, kisha unashuka mezani. Mwenye ubao mgumu sharti aukwangue mpira kwa usahihi zaidi, la sivyo unaingia kwenye neti au unapita meza.

Anayesimama karibu na meza akizuia na kupiga smashi hapati mengi hapa. Kaboni ya nje inamfaa zaidi. Anayejifunza aanze na mbao tano tupu.

Makosa mengi hutokea kwenye raba. Ubao unaonyumbuka ukiubandika raba laini pande zote, mpigo mzito unaibana sponji iliyo chini ya raba mpaka mwisho, na spini inapotea pale unapoihitaji. Weka raba ngumu upande wa forihendi, kwa mfano Hurricane 3 ya DHS yenye ugumu wa digrii 39 au 40, na ya wastani upande wa bekihendi. Kumbuka mizani ya ugumu ya China si ile ya Ujerumani: 40 ya DHS ni ngumu kuliko 47.5 ya Kijerumani. Kisha piga hesabu ya uzito. Ubao wa gramu 88, raba ya gramu 51 na nyingine ya 47 ni gramu 186 kabla ya gundi. Kama kiganja kinachoka, punguza kwenye ubao, chukua wa gramu 84 au 85.

Limba huchanika nyuzinyuzi raba inapobanduliwa. Kabla ya kubandika raba ya kwanza, paka vanishi ya maji safu moja nyembamba sana, uache ikauke kabisa; ikiwa nene, ubao unakuwa mgumu na hisia ya limba inafifia. Wakati wa kubandua, vuta taratibu na kwa mshazari, raba ikiwa imelala karibu na mti.