Dondoo za mimea na jua: zinasaidia wapi, zinaishia wapi

Mimi ni mkemia wa vipodozi, na wateja wanaotaka bidhaa za asili huniomba jambo lilelile: niwatengenezee krimu ya kukinga jua ya mimea mitupu, bila oksidi ya zinki wala kichujio kingine chochote cha mionzi ya jua. Huwa nakataa, ingawa dondoo za mimea, yaani viambato vinavyokamuliwa kutoka kwenye mimea, nazipenda na nazitumia sana.

Tatizo linaanzia kwenye namna inavyopimwa SPF, ile namba inayoonyesha krimu inaikinga ngozi isibabuliwe na jua kwa kiasi gani. Mtu hupakwa mgongoni miligramu 2 za krimu kwa kila sentimita mraba, humulikwa kwa taa ya mionzi ya urujuanimno, kisha kesho yake huangaliwa ni dozi gani iliyoifanya ngozi iwe nyekundu. Kinachopimwa ni wekundu tu. Sasa, dondoo nyingi hutuliza uvimbe. Ngozi ikichelewa kuwa nyekundu, namba inapanda, ilhali mionzi imeshapenya na DNA ya seli imeshaumia. Wekundu ni king'ora. Ukikizima, moto haujazimika.

Ile SPF 7 au 8 ya mafuta ya nazi inayosambaa mitandaoni nayo isikudanganye. Ilipatikana kwa kuyachanganya mafuta na alkoholi na kuyapima kwa mashine maabara, si kwenye ngozi ya mtu.

Dondoo zinasaidia kweli ndani ya ngozi. Hata SPF 30 iliyopakwa ipasavyo hupitisha kama asilimia 3 ya mionzi inayobabua. UVA (aina ya mionzi ya urujuanimno inayofika ndani zaidi ya ngozi) inayopenya huzalisha chembe kali za oksijeni, nazo huchochea vimeng'enya vinavyovunja kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Polifenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye chai ya kijani, huzidhibiti chembe hizo. Mimi nayaamini zaidi matokeo ya asidi feruliki, inayopatikana kwenye pumba za nafaka: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliotumia ngozi ya nguruwe, asilimia 0.5 yake ilipoongezwa kwenye vitamini C asilimia 15 na vitamini E asilimia 1, kinga dhidi ya madhara ya mionzi ilipanda kutoka takriban mara 4 hadi mara 8.

Kwa hiyo paka kwanza seramu, yaani kimiminika chepesi chenye viambato kama hivyo, iache ikauke, krimu ya jua ije juu yake, na uirudie kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Na tafadhali sana, usipake maji ya ndimu ukatoka juani. Yana kemikali ziitwazo furanokumarini, ambazo zikikutana na UVA huiunguza ngozi hadi ikatoa malengelenge, na madoa yake meusi huweza kukaa miezi.