Pete haishiki turubai

Jana tena. Utingo kabwaga turubai la lori kwenye benchi langu, pete mbili za kupitishia kamba zimeng'oka, kila moja imebaki na kipande cha kitambaa mdomoni. Bosi wake kwenye simu: “Fundi, hizi pete zako laini. Weka kubwa.”

Pete zenyewe hazikuwa na hata ufa! Kilichochanika ni turubai.

Nimechoka kulisema hili. Kazi ya pete ni kuzuia kamba isikwaruze ukingo wa tundu, na kusambaza mvuto kuzunguka tundu lote. Mzigo wenyewe unabebwa na pindo. Ukitaka pete kubwa, lazima nitoboe tundu kubwa, yaani nikate nyuzi nyingi zaidi palepale unapovuta. Kweli, mdomo mpana hubana eneo pana, kwa hiyo kwenye pindo la upana wa kutosha mteja ana haki kidogo. Kwenye pindo la vidole viwili, lililokunjwa mara moja? Unanilipa nikuharibie turubai.

La jana halikuwa na kitu ndani ya pindo. Nimelikunja upya, nikalaza mkanda wa nailoni katikati, nikashona mistari miwili, ndipo nikatoboa kupitia matabaka yote pamoja na mkanda. Tundu liwe dogo kuliko shingo ya pete, shingo iingie kwa kusukumwa. Kisha naivisha shingo washa, kile kisahani chenye tundu, kwa nyuma, na kugonga kwa nyundo, mapigo madogo madogo. Ukipiga moja la hasira shingo inapasuka kama ua, na ncha zake zinaanza kukata kamba.

Zile za kipande kimoja, zisizo na washa, ni za mapazia na mabango. Msiniletee kwa lori. Alumini ndiyo mnayoikuta kwenye maturubai ya buluu ya plastiki: nyepesi, haishiki kutu, ila inapinda upesi. Chuma kilichopakwa rangi ya fedha kinang'aa dukani, lakini huku pwani chumvi inakitafuna na kutu inachora kitambaa. Mimi natumia shaba. Inaota ukijani, basi. Chuma cha pua, kile kisichoshika kutu kirahisi, ni kizuri kuliko vyote, mkono wangu unakijua na mfuko wa mteja unakikataa.

Pete ile ya mpira inayowekwa kwenye tundu la bati ili waya usikatwe na ukingo ni ya fundi umeme wa magari. Mwulizeni yeye.

Kuna mawili ambayo sijayamaliza kichwani. Washa zenye meno: kwenye turubai zito la pamba zinauma vizuri mno, lakini kwenye plastiki nyembamba kila jino ni tundu jingine, na nimebadili msimamo mara tatu. La pili ni kutoboa kwa msumari wa moto. Nilifundishwa hivyo, nyuzi za plastiki zinayeyuka na kushikana zisifumuke. Lakini ukingo ulioungua unakuwa mgumu, na nimeona kingo nyingi zikianza kupasuka hapohapo. Siku hizi nakata kwa patasi ya duara, ingawa mkono bado unautafuta msumari.

Bosi kapiga tena jioni kuuliza kama nimeweka kubwa. Nimeweka saizi ileile.