Mtunzi Hatunzwi

Ukumbini, mwimbaji akishika maikrofoni, kina mama huinuka na noti mkononi, wakienda kwa madaha hadi jukwaani kumtunza. Hata mpiga kinanda huangukiwa na kitu. Mimi niliyeyaandika maneno hayo huwa nimesimama mlangoni na soda yangu. Najitania: mtunzi hatunzwi.

Ninaandika mashairi ya taarab, hapa Tanga. Kuimba siwezi. Wimbo hupita kwa anayetunga maneno, kisha anayeyatia sauti, ndipo umfikie mwimbaji. Wapo wanaoyafanya yote peke yao, lakini si wengi.

Kazi zangu nyingi huletwa na mteja. Bibi mmoja alikuja baada ya alasiri, akazunguka weee: hali, watoto, bei ya mchele. Mwisho akashusha sauti: “Mwanangu, yuko mtu nataka ajijue.” Ajijue, si atajwe. Nikamwandikia:

Dau langu nimefunga, pepo zote lazijua,
Mwajisumbua kuchunga, kamba hamtafungua.

Aliyekusudiwa alijua kwamba hapo hapana dau. Majirani walijua pia, wakapiga vigelegele. Mgeni aliyekaa nyuma yawezekana alidhani tunasifia vyombo vya baharini, na ndivyo nilivyotaka. Siku hizi mipasho mingi hutaja kila kitu waziwazi, imebaki kutoa namba ya nyumba tu. Inachezeka, sikatai, ila sioni kazi ya mtunzi hapo.

Hesabu ubeti wangu: mizani 16 kila mshororo, nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho. Hilo hufundishika kwa wiki moja. Kigumu ni kwamba shairi linaweza kutimia kwenye karatasi likavunjika mdomoni. Kiswahili kwa kawaida huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na muziki una mkazo wake. Vikigombana, muziki ndio hushinda. Niliwahi kuandika “barabara” kwa maana ya sawasawa, ambayo mkazo wake hukaa kwenye “ra” ya mwanzo. Mtia sauti akaivuta “ba” ya pili. Mapenzi yangu yaliyokuwa sawasawa yakageuka njia ya magari! Tangu hapo kila mstari nauimba kimoyomoyo kabla ya kuutoa, na neno lenye njia mbili nalikwepa.

Kibwagizo nacho napenda kiishie kwa “a”. Sauti inapovutwa mdomo hubaki wazi. Mpe mwimbaji “i” aishikilie kwa muda mrefu, utamwona shingo inavyomtoka mishipa.

Kuhusu jina la mtunzi kutotajwa, tabia ni ya zamani. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na wenzake walisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na mpaka leo watu husema “wimbo wa Siti” bila kuuliza maneno yalitungwa na nani. Kwa wateja wangu kutotajwa ni sitara, maana mtunzi akijulikana, aliyemtuma naye hujulikana. Lakini kuna kikundi kilirekodi shairi langu, kikaandika mtunzi ni kiongozi wao. Hiyo si sitara tena.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayalinda maneno tangu yanapotungwa, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kumuuzia mtu nakala ya shairi si kumuuzia haki hiyo. Kwa hiyo sasa naandika tarehe, naweka sahihi, nabaki na nakala yangu, na tunakubaliana kwa maandishi kabla wimbo haujaingia studio. Wazee wenzangu hunicheka kwa makaratasi hayo.

Jana bibi yule wa dau amenipigia tena. Safari hii ni mkaza mwana wake, na anataka la samaki.